Alama Chini ya Sufuria

Tangazo langu lilikaa ukutani siku tisa, kati ya tangazo la mbuzi aliyepotea na la mtu aliyekuwa anauza mabati yaliyokwisha kutumika. Nilifanya kazi kwenye sekretaria ya umma, kibanda cha kuchapia barua za watu, maombi ya kazi na vitabu vya wanafunzi wanaomaliza chuo, kwa hiyo karatasi na wino havikunipa shida. Nililichapa kwa herufi kubwa ili hata mtu aliyepanda pikipiki alisome bila kushuka. Natafuta watu wawili, liliandikwa: mwenye kujua kuchora, na mwenye kujua kuandika programu za mashini, yaani kompyuta. Tutengeneze mchezo wa kufikiri.

Wa kwanza kuja alikuwa kijana mwenye kofia.

"Yaya," akaniita, kama mtu anavyomwita kaka, "ni mchezo ya pari, ya kuweka feza?"

"Hapana. Ya kufikiri."

"Hata mu pari banafikiriaka," akasema, akaenda zake.

Wa pili alikuwa mama mwenye jalada kwapani. "Papa, hii ni ya ONG gani, shirika gani ya musaada?"

"Si ONG, mama. Ni mimi tu."

Akanitazama tangu kichwani hadi viatuni. "Weye moja?"

"Mimi moja."

"Pole," akasema, kwa sauti ile ya watu wanaoagana kilioni.

Hakuna mwingine aliyekuja. Siku ya kumi mvua ilipiga ukuta ule, wino ukashuka kama machozi ya rangi ya kucha, na nikalibandua mwenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Vita vya kwanza vilinikuta mtoto, chini ya kitanda cha wazazi. Hivi vya sasa vilinikuta na mashini ya kufunika na kufunua, chumba cha kupanga Mudzipela, mtaa wa Bunia, na riwaya moja iliyolala kwenye sanduku la nguo. Wazazi na dada zangu walikuwa wamekwisha kuvuka kwenda Uganda. Mimi nilibaki kwa sababu niliamini, kama vijana wanaoandika wanavyoamini, kwamba mji usipokuwa na mtu wa kuutazama utafifia. Niliutazama basi. Niliitazama mikaratusi, vumbi jekundu lililopanda hadi kwenye kope za watu, ndege nyeupe zilizoshuka juu ya uwanja bila kutuletea mtu tunayemjua.

Riwaya haikuweza kutoka. Barabara zilifungwa, zikafunguliwa, zikafungwa tena. Ndipo nikaanza kuwaza mchezo. Mchezo hauhitaji lori wala msindikizaji mwenye bunduki. Siku mtandao ukipumua unaondoka wenyewe, na mtu wa mbali, asiyejua Bunia iko upande gani wa dunia, anaufungua mezani kwake. Niliutaka uwe mchezo wa kutafuta ukweli kwa akili: mchezaji anakuta mahali, vitu na maneno machache, na kwa kuyapanga anagundua nani ni nani. Ndani yake hapakuwa na bunduki hata moja. Nilijivunia sana jambo hilo.

Maneno ningeyaandika mwenyewe. Lakini mkono wangu haujui kuchora hata kikombe, na programu nilizijua kama mtu anavyojua lugha ya jirani, kusalimia tu. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulichapa kwenye tangazo. Sikuwa nikitafuta wafanyakazi. Nilikuwa nikitafuta mtu wa kukaa upande wa pili wa meza.

Zamani kidogo meza hiyo ilikuwa imejaa. Tulikuwa na kikundi cha wasomaji na waandishi, tulikutana kila Jumamosi katika chumba cha parokia. Nilipojiunga tulikuwa kumi na tisa. Viti havikutosha, tukakalia madirisha. Mwaka ule tulibaki watano, na viti tulivipanga mbalimbali ili chumba kisionekane kitupu. Nilipowaeleza habari ya mchezo, mshairi wetu mkubwa, mwalimu wa hesabu mwenye ndevu za mbuzi, alivua miwani.

"Tuliomba Mungu atupe romancier, mwandishi ya riwaya. Ametupa mutoto ya kucheza."

Walicheka wote. Nilicheka nao, kisha nikarudi nyumbani kwa miguu, nikipita njia ndefu.

Wa kwanza kukubali hakuwa Bunia. Alikuwa mwanafunzi wa Kisangani niliyempata mtandaoni, mahali ambapo watu wa mashini huulizana maswali. Sikuwahi kuiona sura yake. Alinijua kwa jina la riwaya yangu, nami nilimjua kwa picha ya pirogi, mtumbwi wa mtoni, aliyoiweka mahali pa uso. Kwa miezi miwili tuliandikiana: mimi nilituma maneno, yeye alirudisha mlango unaofunguka, kisha begi linaloweza kupekuliwa, kisha daftari ambamo mchezaji huandika majibu. Siku mlango ule wa kwanza ulipofunguka kwenye mashini yangu niliufungua na kuufunga mara arobaini. Kisha mtandao ukakatika mjini siku kumi na moja. Uliporudi nilikuta ujumbe mmoja: amepata kazi kwenye duka la simu, hana tena nafasi, Mungu abariki mradi, kaka. Nilimjibu kwa ukurasa mzima wa shukrani. Picha ya pirogi haikutikisika.

Nikaanza kujifunza mwenyewe alichokiacha nusu. Lakini mchezo ulihitaji nyuso. Katika habari yangu gari liliharibika njiani, abiria kumi na wawili wakashuka kwenda kutafuta maji, na mchezaji akabaki na mizigo yao, mazungumzo yaliyosikika kwa vipande, na picha kumi na mbili. Kazi yake ilikuwa kusema kila mmoja ni nani: kwao ni wapi, ni mtu wa ukoo gani, anafanya kazi gani.

Nyuso nilizipata nikiwa natembea. Kwenye njia inayoshuka soko la Mudzipela, kila kibanda cha pili kina kibao cha saluni, na kila kibao kina vichwa: mama mwenye rasta za kusuka, kijana aliyenyolewa kwa mstari ulionyooka kama rula. Nilivipita miaka mingi. Siku ile nikagundua kwamba vichwa vyote vinatazama pembeni kidogo, kama mtu aliyeitwa kwa jina akiwa hajaamua kuitika. Ulikuwa mkono mmoja. Niliulizia kibanda kwa kibanda, wakanielekeza nyuma ya saluni moja ya wanawake, na hapo nikamkuta amechuchumaa mbele ya ubao, anachora sikio.

"Mama, ni weye unachoraka hizi vichwa yote?"

"Mama ya nani? Sijazaa hata kuku."

"Samahani, dada."

"Dada iko sawa. Unataka kibao?"

"Nataka vichwa kumi na mbili."

Akageuka. Alikuwa na rangi nyekundu kwenye nyusi. "Yaya, uko na saluni ngapi?"

Nilimweleza. Nilieleza vibaya, kwa haraka, kama mtu anayeomba lifti gari likiwa linaondoka. Nilimwambia pia kwamba sina cha kumlipa. Alisikiliza huku akimalizia ndewe ya sikio.

"Kwa hiyo ni vichwa yenye haiuzishe nywele," akasema mwishoni. "Sijawahi. Tujaribu."

Alitoka upande wa Nizi. Waliingia Bunia na mama yake, wakakaa nyumba ya shangazi. Zaidi ya hapo hakusema, nami sikuuliza. Alikuja sekretaria saa za mchana, jenereta ikinguruma na wateja wakiwa wameenda kula. Alichora kwa penseli kwenye migongo ya karatasi zilizoharibika, mimi nikapiga picha kwa telefoni na kuziingiza kwenye mashini. Aliniita "muandishi", kwa sauti ambayo mtu humwita nayo jogoo asiyejua kuwika. Wakati mwingine tulikaa nusu saa bila neno, penseli yake ikikwaruza na vidole vyangu vikigonga, na nilikuwa naogopa kukohoa nisije nikaivunja nusu saa hiyo.

Aliponiletea uso wa sita, alisema anataka kucheza kwanza. "Sitachora bengine bila kujua banafanya nini mule ndani."

Nikampa kiti changu. Nilisimama nyuma yake kama mtahiniwa. Wanakikundi wawili nilikuwa nimewajaribisha kabla, wakakwama kwa abiria wa nne. Yeye hakukwama. Alifungua kapu, akatazama namna majani yalivyofungwa, akaandika. Alisoma namna mzee mmoja alivyomsalimia mwingine, akaandika. Alitazama viatu, alitazama jembe, alirudi kwenye mazungumzo mara moja tu. Zilipita dakika ishirini, labda na tano. Abiria wote kumi na wawili, hata sita waliokuwa bado vivuli bila nyuso, na mashini ikatoa mlio mdogo wa furaha niliouweka kwa ajili ya mshindi.

"Unaona!" nilisema. "Uko muzuri sana!"

Alifunika mashini polepole.

"Ndiyo. Niko muzuri. Unajua juu ya nini?"

Nilitikisa kichwa.

"Juu nilisha kuichezaka. Si mu mashini." Alikuwa anafuta vidole vyake kwa kitambaa, kimoja kimoja. "Balitushusha mu gari, pa bariere ya kufunga njia. Habakuuliza jina hata ya mutu moja. Moja alitazama kapu ya mama. Alitazama namna amefunga. Akamuambia, mama, salimia huyu mwenzangu tusikie. Mama akasalimia. Banaume bale balikuwa banafikiri, muandishi. Banafikiri sana, kama weye unavyotaka. Kisha banaanza kusema: huyu, kule. Huyu, huku."

Jenereta ilikuwa inanguruma. Ningenyamaza. Hadi leo natamani ningenyamaza.

"Lakini huu ni mchezo tu," nikasema.

"Hata bale balisema vile. Tunacheza tu, mama, usiogope." Akainuka, akakusanya penseli zake. "Unataka batu ya mbali bajifunze kusimamia bariere. Mi sitachora."

Nyuso sita alizichukua. Alikuwa na haki.

Nilijitetea peke yangu kwa siku tatu, nikitembea chumbani kutoka mlangoni hadi dirishani. Kwamba sanaa lazima iguse kidonda. Kwamba hakuelewa. Siku ya nne niliufungua mchezo, nikajaribu kuucheza kama mtu aliyeshushwa garini, na nilipofika kwenye kapu mkono wangu ulikataa kubonyeza. Nilikuwa nimejenga kizuizi cha barabarani, nikakipamba kwa maneno mazuri, nikakiwekea mlio wa furaha. Nilifuta habari yote. Nikabaki na mlango, begi na daftari tupu.

Wiki zilizofuata zilikuwa ndefu na tulivu. Nilichapa barua za watu. Jumamosi moja tulifika wawili tu parokiani, mimi na mshairi wa ndevu za mbuzi, tukasomeana kwa adabu, tukafunga madirisha. Nilipita vibanda vya saluni nikitazama chini. Vile vichwa, nilihisi, vilikuwa vinatazama pembeni ili visinione.

Kisha mdogo wake mama mwenye nyumba wangu akafa. Alikuwa anachimba dhahabu upande wa Nizi. Aliuawa njiani akirudi, na mwili haukuletwa. Matanga yalifanyika bila mwili, siku tatu, katika kiwanja chetu. Turubai lilifungwa kutoka paa langu hadi kwenye mparachichi, wanawake wakalala ndani, wanaume nje kwenye viti vya kuazima. Na sufuria zikaja. Matanga hayapikiwi na nyumba moja. Kila nyumba ya kartie, mtaa wetu, inaleta chombo, na siku zile tatu nilihesabu sufuria kumi na saba kwenye mafiga, za bugali, za sombe ya majani ya muhogo, za maharage.

Sijui kukaa na wafiwa. Nakosa maneno, mtu ambaye kazi yake ni maneno. Kwa hiyo asubuhi ya mwisho, wanawake walipokuwa ndani wakiwasindikiza wageni kwa sala, niliona sufuria zimerundikwa karibu na pipa la maji, nyeusi, zimeganda, nikafikiri: hili naliweza. Nikachukua mchanga na majivu. Nilizisugua saa mbili. Nilisugua ndani, nikasugua nje, na kwa kuwa nilitaka kazi yangu ionekane, nikazipindua nikasugua chini hadi bati likang'aa kama siku lilipotoka dukani. Nikazipanga kwenye jua, midomo chini, matako juu. Nilirudi nyuma hatua mbili kuzitazama.

Mama mwenye nyumba alitoka, kitenge cha msiba kifuani. Akasimama.

"Nani ameosha?"

"Ni mimi, mama."

"Na chini?"

"Na chini, mama. Yote."

Alifunika mdomo kwa mkono. Wanawake wengine walitoka nyuma yake, wakatazama, na mmoja akapiga makofi ya mshangao. Kila mama huku kwetu ana alama yake chini ya sufuria, ameichora kwa verni, rangi ile ya kucha: nukta mbili, msalaba, mstari na nukta. Matanga yakiisha sufuria inapinduliwa, alama inaonekana, chombo kinarudi kwao. Hakuna anayeandika orodha. Mtoto wa miaka sita analijua hilo. Mimi nilikuwa mwanaume wa vitabu. Nilikuwa nimekula katika sufuria za watu maisha yangu yote na sikuwa nimewahi kuipindua hata moja.

Mama mwenye nyumba, ambaye hakuwa amefungua mdomo kwa siku tatu isipokuwa kulia, alianza kucheka. Alicheka hadi akashikwa mabega.

"Yesu wangu! Mutoto ya batu amefuta kartie yote!"

Ndipo sauti nyingine ikasema langoni, "Nimefuata sufuria ya mama."

Alikuwa yeye, mchora vibao. Mama yake alikuwa ameleta chombo siku ya kwanza na sikuwa nimejua. Alizitazama zile sufuria zinazong'aa, akanitazama mimi na mikono yangu ya majivu hadi viwikoni, akaelewa bila kuambiwa. Alipita kati ya sufuria, akainama, akaokota moja.

"Hii njo ya kwetu."

"Umejuaje?" niliuliza. "Alama imefutika."

"Mushikio." Mkono mmoja wa sufuria ile ulikuwa umefungwa upya kwa waya wa mwavuli. "Mwavuli ulikuwa ya papa."

Angeondoka hapo. Lakini mama mwenye nyumba alimshika mkono. "Binti yangu, huyu hajue kitu. Akienda yeye moja atapeleka ya mulokole kwa mwenye bare ya pombe. Muende naye."

Tulikopa mkokoteni wa mikono, tukapakia sufuria kumi na sita. Tulitembea mwanzoni kama watu wawili wanaosindikiza maiti tofauti. Kwenye kona ya kwanza alisimamisha mkokoteni, akachukua sufuria pana ambayo chini yake ilikuwa imevimba, akainusa kwenye mshono.

"Mafuta. Hii inakaangaka. Nani anakaanga karibu na hapa?"

"Mama wa mandazi, pale kwenye masomo ya batoto."

Ilikuwa ya mama wa mandazi. Alitupa mawili ya moto na akatutukana kidogo. Iliyofuata kifuniko chake kilikuwa na spoku ya baiskeli mahali pa kishikio, tukaenda kwa fundi wa baiskeli, na mkewe akaipokea akisema, "Iko safi kuliko siku ya ndoa yangu. Banaume ya kartie hii bajifunze." Nyingine ilikuwa imekwaruzwa ndani upande ambao si wa kawaida. Mchora vibao aliizungusha, akasonga bugali hewani kwa mkono wa kulia, kisha kwa wa kushoto. "Anasonga na kushoto," akasema. Tuliuliza nyumba tatu hadi tukampata.

Moja niliigundua mimi. Ilikuwa na duara la zamani karibu na ukingo, alama ya maji iliyochimbika kwa miaka mingi, na duara jipya chini kabisa, vidole vinne kutoka kitakoni. Niliishika muda mrefu. Nyumba iliyokuwa inapika kujaza, na sasa inapika kidogo. Nilimwonyesha maduara yote mawili, naye akasema, "Ule muzee mama ya nyuma ya kanisa." Tulipofika alikuwa peke yake uani, anachambua maharage kwenye ungo mdogo. Alipokea sufuria kwa mikono miwili. Hakuuliza sisi ni nani. Siku nzima ile, kutoka nyumba hadi nyumba, za wenyeji na za waliokimbia, hakuna aliyetuuliza kwetu ni wapi. Waliuliza tu: ni yangu?

Tatu zilikuwa ngumu: zilifanana kabisa, zile zinazogawiwa watu waliokimbia, zenye muhuri uleule. Tukawaita akina mama watatu mahali pamoja. Wawili walibishana. Wa tatu alichukua sufuria, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. "Si hii. Ya kwangu inaliaka." Akagonga ya pili, ikalia, sauti nyembamba inayotetemeka, na wote wakacheka kwa sababu kweli ililia.

Jua lilipoanza kulegea ilibaki moja. Ndogo, imezibwa matundu mawili, na chini ya ukingo, mahali mchanga wangu haukufika, palibaki chembe ya verni ya buluu. Tuliulizia hadi karibu na mto. Mwishowe msichana mmoja aliyekuwa anafua alisema ni ya mama aliyekuwa amepanga chumba pale. Alikwenda Iga Barrière asubuhi ya pili ya matanga, kutazama shamba lake la muhogo.

"Atarudi siku gani?"

"Alisema kesho yake, ndiyo leo." Msichana alikamua nguo. "Telefoni yake haiite."

Tulirudi na mkokoteni mtupu, sufuria moja ikigongagonga ndani. Karibu na kiwanja chetu alisema, bila kunitazama:

"Hii njo mchezo, muandishi."

"Najua."

"Vichwa hapana. Nitachora masufuria."

Alichora miezi mitatu. Alichora mikwaruzo, vimbe, waya, masizi, mikono inayopokea bila nyuso zake. Alileta sauti pia: alizunguka kartie na telefoni akigonga vyombo vya watu. Nami niliandika maneno ya kila mlango, na ule mlango wa mtu wa Kisangani ukapata nyumba kumi na saba za kufungukia. Tulibishana juu ya kila kitu. Ilikuwa miezi mizuri kuliko yote niliyoishi Bunia, na nilijua hivyo wakati huohuo, jambo ambalo huumiza.

Jambo la mwisho tulilobishania lilikuwa jina lake. Nililitaka mwishoni mwa mchezo, kwa herufi kubwa kama langu. Alikataa. "Jina inasema kwetu ni wapi. Weka alama ya mama." Basi ipo pale, nukta na mstari mfupi wa verni nyekundu, na kwa aibu nikafuta la kwangu, nikaweka ukurasa bila majina.

Mama yake aliamua waende Aru, kwa ndugu. Walipanda lori asubuhi yenye ukungu. Alinipa kadi ya kumbukumbu ya telefoni yenye michoro yote, akanishika mkono kama mtu wa ofisini, kisha akasema, "Nawa mikono, muandishi, bado iko na majivu," na haikuwa na majivu. Mwanzoni alijibu ujumbe. Baadaye nambari yake ikawa haipatikani, kama nambari za watu wengi wa siku zile, na nimejikataza kufikiri zaidi ya hapo.

Nilipowapa wanakikundi kujaribu mchezo, mshairi wa ndevu za mbuzi alifika hadi mwisho. Alivua miwani.

"Kuna kosa hapa. Hii sufuria ya mwisho haina mwenyewe. Nimegonga milango yote."

"Si kosa."

"Lakini mashini inanikatalia kumaliza. Niipeleke wapi?"

Nilirudi nyumbani, nikafungua kadi ile, nikatafuta kati ya michoro kama alikuwa amechora nyumba ya kumi na nane. Kulikuwa na picha moja ambayo hakuwa amenionyesha. Ni chumba. Kuna meza yenye mashini iliyofunikwa, kiti kimoja, dirisha, sanduku la nguo. Chini ya dirisha kuna rafu ya ubao, na juu yake vitabu vimesogezwa upande, vimeacha nafasi. Nafasi hiyo ni duara. Alikuwa amewahi kuingia chumbani kwangu mara moja tu, kuchukua chaja, na alisimama mlangoni.

Niliiingiza picha ile ndani ya mchezo jioni hiyohiyo. Mchezaji akikosa mlango, njia inamleta hapo, na sufuria inakaa. Hakuna mlio. Mchezo ulitoka Bunia siku mtandao ulipopumua. Watu wachache wa mbali wameucheza, na mmoja aliandika kwamba chumba cha mwisho kinasikitisha na hajui kwa nini.

Sufuria yenyewe iko rafuni. Nimewahi kwenda mara nne kwenye kile chumba karibu na mto kuulizia. Sasa kimepangwa na watu wengine. Sipiki ndani yake. Kila Jumamosi, nikitoka parokiani, naiteremsha, naiosha vumbi, naifuta kwa kitambaa. Naosha ndani tu.